Draiva ipi inafaa dayodi ya leza nyekundu yenye nguvu kubwa? Tuchambue kabla hatujaunguza kitu

Mstari_Mwekundu

Salaam wakuu. Nina dayodi ya leza nyekundu ya nanomita 638, kopo (kifuko chake cha chuma) la milimita 5.6. Datashiti yake inasema miliwati 500 za mwanga, mkondo wa kazi miliampea 600 hivi, volti 2.3, na kizingiti (mkondo ambao mwanga wa leza huanzia) miliampea 150. Nataka nianze na moja mezani, nikiridhika nifunge nne kwenye kisanduku cha taa za jukwaani.

Kabatini nina draiva tatu, yaani saketi za kulisha dayodi mkondo. Ya kwanza ni saketi ya LM317, ile chipu ya kudhibiti volti, niliyoijenga mwenyewe. Ya pili niliitoa kwenye mradi wa leza ya bluu, inapandisha volti kutoka seli moja ya lithiamu, nzima kabisa na inafika ampea 1.5. Ya tatu ni ile bodi ndogo ya kushusha volti yenye potenshiomita (rezista za kuzungusha) mbili, moja ya volti na moja ya mkondo, wameiandika ampea 5. Umeme naweza kuchukua kwenye seli moja, seli mbili, au adapta ya volti 12.

Moyo wangu uko kwenye hiyo ya bluu kwa sababu ni ndogo na naijua tabia yake. Naombeni ushauri kabla sijaanza kulehemu.

Kambi_Mapema

Naweka kambi hapa. Nina nyekundu mbili kwenye droo zinangoja jibu la uzi huu.

Rezista_Mbili

Mkuu, hiyo ya bluu iweke mbali na hiyo dayodi. Tena mbali kabisa.

Draiva ya kupandisha volti ina koili inayotoka moja kwa moja kwenye betri, inapita kwenye dayodi ya Schottky (inayoruhusu umeme upande mmoja tu), inatokea kwenye mzigo. Transista yake kazi yake ni kuvuta koili chini na kuiachia ili volti zipande juu ya zile za betri. Leza ya bluu inahitaji volti 4 na kitu, hivyo seli yenye 4.2 au 3.7 iko chini yake na saketi inakuwa na kazi ya kufanya. Nyekundu yako inataka 2.3. Betri tayari iko juu. Transista hata ikikaa kimya bila kufanya lolote, umeme unapita zake kwenye koili na Schottky hadi kwenye leza, na hakuna wa kuuzuia. Toa 4.2 ya seli iliyojaa, ondoa 2.3 ya leza na kama 0.4 ya Schottky, umebaki na volti 1.5 zinazosukuma kwenye ukinzani wa waya na koili tu. Ukinzani huo ukiwa nusu omu umepata ampea 3. Dayodi ya miliampea 600 haisubiri uzime swichi.

Kuna chache zenye swichi ya kukata hiyo njia, ila za kawaida tunazozitoa kwenye tochi za leza hazina. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kuchagua draiva ya nyekundu, kabla hata ya ampea, ni volti: chanzo chako kiko juu ya volti za dayodi muda wote, au chini yake, au kinavuka katikati? Kwa nyekundu jibu karibu kila mara ni "juu", hata seli moja ikichoka hadi volti 3. Maana yake unahitaji draiva ya kushusha, iwe ya linea (inayogeuza volti za ziada kuwa joto) au ya swichi (inayowasha na kuzima koili haraka haraka).

Mstari_Mwekundu

Duh, ahsante mkuu. Kumbe "inafanya kazi vizuri" haitoshi. Basi nibaki na LM317 au ile bodi ya ampea 5? Naona wengi mtandaoni wanasema linea ni ya kizamani, inageuza umeme kuwa joto tu.

Rezista_Mbili

Joto ni kweli, tulipigie hesabu tuone linauma kiasi gani.

LM317 ikifungwa kama chanzo cha mkondo hushikilia volti 1.25 juu ya rezista moja. Mkondo ni 1.25 gawa kwa omu. Ukiweka omu 2.2 unapata kama miliampea 570, yaani uko chini kidogo ya ile 600 ya datashiti, na hapo ndipo ningeanzia. Rezista yenyewe inakula wati 0.7, weka ya wati 2 usije ukanusa harufu.

Sasa volti. Leza 2.3, rezista 1.25, jumla 3.55. LM317 nayo inataka ibaki na kama volti 2 mwilini mwake ili iendelee kudhibiti. Kwa hiyo chanzo kisishuke chini ya 5.6 hivi. Seli moja imeshatoka kwenye mchezo. Seli mbili zinatembea kati ya 8.4 na 6, zinatosha. Zikiwa zimejaa, LM317 inabeba volti 4.85 mara 0.57, yaani wati 2.8 hivi. Hitisinki (chuma cha kuondoa joto) ndogo ya alumini inamaliza. Kwenye adapta ya volti 12 inabeba karibu wati 4.8, hapo unahitaji hitisinki ya maana.

Leza yenyewe inakula 2.3 mara 0.6, wati 1.4, ikitoa nusu wati ya mwanga. Kwa hiyo ndiyo, kwenye adapta ya 12 unatupa wati nyingi kuliko unazotumia. Lakini mezani, dayodi moja, nani anakudai hizo wati? Unachopata ni mkondo uliotulia, usio na mawimbi ya swichi, na saketi ya vipande vichache ambayo ukiitazama unajua kila kimoja kinafanya nini. Kwa dayodi moja ya chini ya ampea 1 mimi huchagua linea bila kujiuliza mara mbili.

SwichiTu

Mkuu Rezista hapo umevutia kamba upande wako. Draiva ya swichi iliyotengenezwa vizuri inafika asilimia 85 hadi 90 na haina shida yoyote na leza. Mtu akitumia betri, linea inamlia nusu ya chaji au zaidi. Mimi natumia PT4115, chipu ya taa za LED: inakubali volti 6 hadi 30, inafika ampea 1.2, na inaweka mkondo kwa rezista moja ndogo yenye volti 0.1 tu juu yake. Ukitaka miliampea 570 weka omu 0.175 au kitu cha karibu, umemaliza.

Rezista_Mbili

PT4115 ni chipu nzuri, sina ugomvi nayo. Ila soma datashiti yake hadi ndani. Haishikilii volti 0.1 ile, inacheza kati ya 0.085 na 0.115. Inawasha koili hadi mkondo ufike juu, inazima hadi ushuke chini, inarudia. Wastani ni 570, kilele ni 655. LED haijali. Leza inajali, kwa sababu inafuata mkondo ndani ya nanosekunde. Uso wa dayodi unaotoa mwanga unaona kila kilele kama kilivyo, hauoni wastani. Na ule uso ndio unaokufa kwanza: mwanga ukizidi kiasi pale kwenye ukingo wa fuwele ya dayodi, sehemu ndogo inafyonza, inapata moto, inafyonza zaidi, inayeyuka. Baada ya hapo leza inawaka kama LED hafifu na hairudi.

Kwa hiyo ukitumia draiva ya swichi weka wastani chini kiasi kwamba kilele ndicho kiwe chini ya kikomo cha datashiti. Hapo tunaelewana.

SwichiTu

Hapo sawa. Ila unaweza kupunguza mawimbi kwa koili kubwa au kapasita ya kauri sambamba na leza.

Rezista_Mbili

Kwa zile chipu za masafa yasiyobadilika, koili kubwa inasaidia moja kwa moja. Chukua betri ya 7.4 unashusha hadi 2.4, masafa kilohezi 500, koili ya mikrohenri 22: mawimbi ni kama ampea 0.15 kutoka chini hadi juu. Weka mikrohenri 47, yanashuka hadi 0.07. Lakini kwa PT4115 koili kubwa inapunguza kasi ya kuwasha na kuzima tu, mawimbi yanabaki yale yale kwa sababu ndiyo inayoyatumia kujidhibiti. Kapasita ndiyo inayosaidia pale. Na kapasita ina deni lake, ambalo ndilo sababu nisingempa huyu mkuu ile bodi ya potenshiomita mbili.

Mstari_Mwekundu

Deni gani tena? Ile bodi ndiyo niliyokuwa naitegemea kama mpango wa pili. Nimeona inashika mkondo vizuri kwenye LED.

Rezista_Mbili

Ifungue uitazame. Upande wa kutolea umeme kuna kapasita ya elektroliti, ya duara, mikrofaradi 220 au zaidi. Bodi ikiwa imewashwa bila mzigo, hiyo kapasita imejaa hadi volti ulizoweka kwa potenshiomita ya kwanza. Tuseme 5. Sasa gusisha leza. Saketi ya kudhibiti mkondo haijui bado kama kuna mzigo, na hata ikijua haina amri juu ya umeme ulio tayari ndani ya kapasita. Volti 5 toa 2.3 ni 2.7, gawa kwa ukinzani wa waya, kapasita na leza yenyewe, tuseme nusu omu: ampea 5 na zaidi kwa mikrosekunde mia hivi. Unaweza usione hata mwanga wa ajabu. Utaona tu leza imefifia na utalaumu dayodi.

Hiyo hiyo inatokea waya ukilegea ukigusa tena. Na hata bila waya kulegea, ukichomeka umeme wa kuingia ghafla, kitanzi cha mkondo kwenye bodi hizi ni cha polepole, volti zinaruka kwanza ndipo mkondo unakuja kudhibitiwa.

Ndiyo maana mimi swali langu la pili kwa draiva yoyote, baada ya lile la volti, si "inatoa ampea ngapi". Nauliza: inafanya nini wakati mambo hayajatulia? Wakati wa kuwasha, wa kuzima, waya unapochezacheza, betri inapokaribia kuisha, mtu anapochomeka adapta ukutani. Kwa sababu mkondo uliotulia kila draiva inauweza, na ndio tunaoupima kwa multimita. Dayodi nyingi zinafia katika sehemu ambayo multimita haiioni.

Kambi_Mapema

Hapo umenifumbua macho. Kuna duka liliniuzia bodi hiyo hiyo likasema ni "ya leza". Nikauliza kuhusu kuwasha ghafla wakanijibu ina kinga ya kila kitu. Sikuweka leza, nashukuru uvivu wangu.

Lehemu_Safi

Nichangie hapo kwenye kupima. Msiweke leza halisi hadi draiva ithibitishwe kwa mzigo wa bandia. Chukua dayodi za silikoni za kawaida, 1N4001 au 1N5401 ukipita nusu ampea, ziunganishe tatu mfululizo. Kila moja inaangusha kama 0.8 zikiwa na mkondo, jumla mmekaribia zile 2.3 au 2.4 za nyekundu. Ongeza rezista ya omu 1 ya wati 5 mfululizo nazo. Volti juu ya rezista ndiyo mkondo: milivolti 570 ni miliampea 570. Rekebisha kila kitu hapo, bila miale, bila miwani, bila presha.

Mwenye oskiloskopu (kifaa kinachochora umeme kwenye skrini) aweke proubu juu ya hiyo omu 1, aitege inase mchoro mara moja tu, kisha awashe umeme. Tazama kama mkondo unapanda taratibu hadi mahali pake au unaruka juu kwanza. Halafu chomoa mzigo na uurudishe draiva ikiwa imewashwa. Halafu chezesha potenshiomita. Halafu shusha volti za chanzo polepole hadi draiva iachie, uzirudishe juu haraka. Ukiona mruko popote, hata mfupi, draiva hiyo haijawa tayari. Klipu ya ardhi ya proubu iwe fupi, la sivyo utakuwa unapima kelele za hewani ukidhani ni za draiva.

Kingine ni potenshiomita. Ile ncha ya katikati huwa inapoteza mguso ikichakaa. Fungeni namna kwamba ikipoteza mguso mkondo ushuke, usipande. Kwenye LM317 mkiiweka mfululizo na rezista ya kudumu inakuwa hivyo yenyewe: njia ikikatika, mkondo umekwisha. Na ile rezista ya kudumu isikosekane, ndiyo inayoweka kikomo mtu akizungusha hadi mwisho.

Joto_Adui

Wakuu mmezungumza umeme vizuri, lakini nyekundu ina ugonjwa wake ambao bluu hana kwa kiwango hicho, nao ni joto.

Hizi zimetengenezwa kwa alumini, galiamu, indiamu na fosforasi. Ukuta unaozuia elektroni zisitoke kwenye eneo la kutengeneza mwanga ni mfupi, na kadiri unavyotaka nyekundu ya kung'aa zaidi, ya 638 badala ya 660, ndivyo unavyozidi kuwa mfupi. Dayodi ikipata joto elektroni zinauruka, zinapotea, na kizingiti kinapanda. Kinapanda kwa mfano wa riba. Tuchukulie dayodi ambayo kipimo chake cha kuvumilia joto (T0, si joto lenyewe) ni kelvini 60, si ajabu kwa hizi: kutoka nyuzi 25 hadi 45 kizingiti kinapanda kwa asilimia 40. Ile 150 ya mkuu inakuwa 210. Kwa kila ampea anapata kama wati 1.1 ya mwanga, kwa hiyo amepoteza miliwati 66 bila draiva kubadilika hata kidogo.

Sasa mtu anaona mwanga umefifia, anaongeza mkondo. Mkondo unaongeza joto. Joto linaongeza kizingiti. Anaongeza tena. Ndiyo maana sipendi kabisa draiva zinazofuata nguvu ya mwanga kwa hizi kubwa, zile zinazosoma fotodayodi (kihisi cha mwanga) na kukaza mkondo ili mwanga usishuke. Kwenye dayodi ndogo za miliwati 5 ni sawa. Kwenye hizi, draiva inakuwa inasaidia joto kuua leza. Bahati nzuri nyingi za nguvu kubwa hazina hata hiyo fotodayodi ndani ya kopo. Shikeni mkondo usiobadilika, halafu pambaneni na joto kwa hitisinki: moduli ya shaba iliyobana kopo vizuri, mafuta ya kupitishia joto, na hitisinki ya leza isiwe hiyo hiyo iliyobeba LM317. Hili la mwisho nimeona watu wengi wanalifanya. Unachukua wati 3 za draiva unazipeleka kwenye kitu kinachoogopa joto kuliko vyote mezani.

Pia, jicho linadanganya. Nanomita 638 jicho linaipokea kama mara tatu ya 660. Miliwati zile zile za 660 zinaonekana kama taa mbovu, na mtu anakaza potenshiomita kwa hasira. Aliye na mita ya nguvu ya mwanga aitumie hiyo. Asiye nayo aamini miliampea, asiamini jicho.

Mstari_Mwekundu

Nimewaelewa. Basi moja mezani ni LM317 na seli mbili. Tukija kwenye zile nne za jukwaani je? Nilifikiri niziweke sambamba kwenye draiva moja ya ampea 2.4.

Rezista_Mbili

Sambamba hapana. Volti za dayodi hazilingani kabisa hata zikiwa za boksi moja, na inayopata joto volti zake zinashuka, inavuta mkondo zaidi, inapata joto zaidi. Moja inakufa, mgao wake unaenda kwa tatu zilizobaki.

Mfululizo ndiyo. Na hapa ndipo linea inapopendeza. Nne mara 2.3 ni 9.2. Kwenye volti 12 umebakiwa na 2.8 tu za kutupa. LM317 haitoshi, maana inataka 1.25 na ile 2 yake. Jenga ya op-ampu (chipu inayolinganisha mkondo na amri) na mosfeti (transista inayoupitisha): rezista ya kupimia mkondo ya nusu omu, inachukua volti 0.3 kwa miliampea 600, mosfeti inabaki na 2.5, inakula wati 1.5. Jumla asilimia 77 ya umeme imeenda kwenye leza. Draiva ya swichi ingekupa 90, lakini ukitaka kuwasha na kuzima kwa ishara ya jukwaani ya volti 0 hadi 5, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hii ya linea inafuata kwa urahisi na ya swichi inabaki nyuma au inahitaji ujanja mwingi.

Mtego wake uko hapa. Ikitokea op-ampu ina umeme na amri ya kuwasha, lakini leza hazijapata umeme wake au waya umekatika, op-ampu haioni mkondo, inafungua mosfeti hadi mwisho ikiutafuta. Umeme ukirudi, mlango uko wazi kabisa na op-ampu inahitaji muda kuufunga. Huo muda, hata mikrosekunde chache, ni wa hatari. Kwa hiyo op-ampu na leza zitumie chanzo kimoja, amri ipitie rezista na kapasita ili ipande kwa milisekunde kadhaa wakati wa kuwasha, geti la mosfeti liwe na rezista ya kuivuta chini, na viunganishi vya leza viwe vya kufunga, visiwe vya kuchomeka na kuchomoa. Ukiweza kuacha nafasi ya volti, rezista ya nusu omu mfululizo na leza inapunguza makali ya mruko wowote. Mimi huiweka.

Ishara ya 0 hadi 5 igawe kwa rezista za kudumu ili 5 kamili iwe 0.3 kwenye op-ampu. Usiiachie programu ya kompyuta kazi ya kuweka kikomo.

SwichiTu

Kwa nne mfululizo nakubaliana, linea. Nilikuwa nangoja uiseme hiyo asilimia 77 mwenyewe.

Kambi_Mapema

Na zile chipu ndogo za AMC7135 za tochi? Nina mkanda mzima.

Rezista_Mbili

Zinafanya kazi kwa nyekundu na seli moja, ni linea na zinahitaji volti kidogo sana za akiba, hata 0.15. Tatizo ni hatua zake: moja ni 350, mbili sambamba ni 700. Kwa dayodi ya 600, moja ni kidogo na mbili ni nyingi. Kama yako ni ya 350 hadi 400, huwezi kupata draiva rahisi zaidi ya hiyo. Lakini angalia kitu kimoja: AMC7135 inakaa upande wa hasi wa leza, kati ya leza na betri.

Lehemu_Safi

Hapo ndipo nilitaka kufika. Kabla ya kuchagua draiva, pima kopo. Kwenye dayodi nyingi kopo limeungana na mguu mmoja, hasi au chanya kutegemea modeli, na kwenye nyingine halijaungana na chochote. Datashiti ina mchoro. Kopo linabanwa kwenye shaba, shaba inagusa mwili wa kifaa, na mwili wa tochi mara nyingi ndio hasi ya betri. Kama kopo ni hasi na draiva iko upande wa hasi, umeiruka draiva yako mwenyewe: betri, leza, mwili, betri. Taa inawaka kwa nguvu sana kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo kopo likiwa hasi na mwili ni hasi, tumia draiva ya upande wa chanya kama LM317. Au tenganisha kwa pedi isiyopitisha umeme, ukubali kupoteza kidogo kwenye joto. Kwenye nne mfululizo hili ni lazima, kwa sababu makopo manne yenye volti tofauti hayawezi kukaa kwenye bamba moja la alumini bila kutenganishwa, isipokuwa modeli yenyewe iwe na kopo huru.

Na kinga za pale kwenye miguu ya leza: Schottky iliyogeuzwa sambamba, kwa sababu hizi nyekundu zinavumilia volti 2 tu za kinyume, kapasita ndogo ya kauri ya nanofaradi 100, na wakati wa kulehemu, funga miguu pamoja kwa waya mwembamba hadi umalize. Umeme tuli wa vidoleni unatosha kuua.

Miwani nayo isisahaulike. Ukipita miliwati 500 uko daraja la 4, na hata hii ya 500 haina tofauti kwa jicho lako. Ile miwani ya chungwa ya leza za bluu inapitisha nyekundu yote. Soma namba za nanomita kwenye fremu, ziwe zimeandikwa kufunika 638.

Mstari_Mwekundu

Wakuu, mrejesho. Nimeweka LM317 na omu 2.2 kwenye mzigo wa bandia, seli mbili. Nimepata milivolti 561 kwenye omu 1, imesimama hapo kuanzia volti 8.3 na inaanza kuachia ikifika 6.4. Jirani ana oskiloskopu, kuwasha kunapanda laini bila mruko. Ile bodi ya ampea 5 tumeijaribu pia kwa udadisi: kuchomoa na kurudisha mzigo inatoa mshale unaotoka nje ya skrini tukiwa tumeweka ukingo wa juu wa skrini kuwa ampea 2. Imerudi kabatini.

Swali la mwisho: mbona inaachia kwenye 6.4 na hesabu ilisema 5.6?

Rezista_Mbili

Mzigo wako wa bandia una omu 1 ya kupimia, inakula volti 0.56 ambayo leza haitaidai. Dayodi tatu nazo zinaweza kuwa 2.5 badala ya 2.3. Toa hizo mbili, unakaribia 5.6 yako. Leza ikikaa itakuwa na nafasi zaidi ya ulichopima.

Sasa toa umeme, subiri kapasita zote ziishe, piga shoti sehemu ya kutolea umeme kwa waya (chanya na hasi zigusane), ndipo ulehemu leza. Waya huo wa shoti uutoe wa mwisho.

Mstari_Mwekundu

Sawa mkuu. Kopo nimelipima, liko kwenye hasi, mwili wa moduli hautagusa chochote. Miwani ya 638 nimeshaagiza, siwashi hadi ifike.